Moteri ya Kombi na Mtoto wa Maman Furaha

Bandugu, leo nimepata aibu ya mwaka. Niko hapa Kamembe, ng'ambo ya mpaka, kwenye siberi ya intaneti, nawaandikia ninyi wote wa Bukavu mliotawanywa na vita, kabla wengine hawajawaandikia (walioona ni wengi).

Mnaijua kombi yangu. Ile ya kulalia, waliyoiacha Wazungu, yenye kitanda, lavabo ya kunawia na paa linalofunguka. (Lavabo ni nzima. Moteri, injini yenyewe, ndiyo ilikufa.) Sasa baba yake Immaculée, mchumba wangu, aliniambia wazi: "Kijana, siku nitakapoona hiyo kombi inafika kwangu Bugarama bila kusukumwa, ndiyo siku nitapokea posa." Na posa ni Jumamosi hii!

Nimetafuta moteri Kamembe, hakuna. Butare, hakuna. Leo asubuhi nikavuka mpaka hadi Kadutu, huko kwetu Bukavu, na huko, jamani! Kuna mzee ana kiwanja cha magari yote yaliyokufa kwa vita. Milango, usukani, radieta, taa, vyote vimepangwa kama mboga sokoni. Nilisahau hata kufunga mdomo. Moteri ya kombi alikuwa ameificha chini ya kitanda chake, imefunikwa blanketi. Vijana wake wakaitoa uani, yeye akaunga nyaya mbili tatu, ikanguruma pale pale kwenye vumbi, bila gari! Machozi yalinilengalenga.

Taksi ikatufikisha mimi na moteri hadi daraja la Ruzizi, mpakani. Dereva akasema kuvuka hapana, karatasi hana. Wapo pale akina mama wa kubeba mizigo. Mmoja, Maman Furaha, mwembamba, mtoto mgongoni, akaitazama moteri.

"Papa, nikubebee?"

Nikacheka! (Mungu anisamehe.) "Maman, hii ni chuma. Achia wanaume." Nikainama, nikaikumbatia, nikavuta kwa nguvu zote. Moteri haikusogea. Suruali ndiyo ilipasuka nyuma, kuanzia mkanda kwenda chini.

"Papa, wacha, utajiumiza," akasema kwa huruma. "Shika mutoto."

Akanifunga mtoto mgongoni kwa kitenge. Nilikubali haraka, maana kitenge kilifunika yote. Kisha akachuchumaa, akapitisha kamba kwenye paji la uso, wenzake wakamwegemezea moteri mgongoni, na akasimama. Mama ee! Akasimama na moteri nzima, akaanza kutembea! Nikamfuata nyuma kama niko kwenye maandamano ya kanisa.

Tumemaliza daraja, tumefika upande wetu, nani amesimama kwenye kizuizi? Baba mkwe! Na gunia lake la mchele, anakwenda kuuza Bukavu. Akanitazama. Akamtazama mama. Akamtazama mtoto, aliyekuwa amenishika sikio.

"Huyu mutoto ni wa nani?"

"Wa huyu mama, Mzee. Ananibebea moteri."

"Na wewe unamubebea mutoto."

"Ndiyo, Mzee."

Mtoto akaanza kulia. Maman Furaha akaegemeza moteri kwenye ukuta, akanyoosha mikono. "Leta, anataka kunyonya."

"Ngoja kwanza, Maman."

"Nangoja nini?"

"Tufike garaji kule juu kwanza, tafadhali."

Akapaza sauti: "Yesu wangu! Muntu anakatala na mutoto yangu!" Watu wakajaa. Hata askari akaja mbio. "Wewe! Rudisha mtoto wa watu!"

Ningefanya nini? Nikafungua kitenge.

Bandugu, chupi ilikuwa nyekundu. Mpaka mzima ukacheka, upande huu na upande ule. Nchi mbili ambazo sikuwahi kuzisikia zikicheka pamoja tangu vita vianze!

Mzee alicheka hadi akaketi juu ya gunia lake. Alipofuta machozi akasema: "Jumamosi mukuje. Lakini huyu mama akuje naye. Kombi ikikwama njiani, nataka kuwa na hakika mutafika."

Maman Furaha akamaliza kunyonyesha, akanirudishia mtoto na kitenge (abarikiwe), akabeba tena moteri hadi garaji iliyo juu ya kilima. Akaishusha taratibu, akafuta jasho, akamuuliza fundi: "Kuko ingine?"

Tafadhali msicheke. Mimi nimebeba mtoto tu, na mgongo unaniuma mpaka sasa.