Watafiti Wanne kwa Mama Mkubwa Dorika

Jumatatu, 2 Juni

Saa moja asubuhi. Baridi ya kukata masikio. Nimekaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji, peke yangu. Ushindi!

Wiki hii watafiti wanne wa chuo kikuu wanakuja kijijini kwetu. Mtendaji wa kijiji, Mama Judith, alitangaza jana baada ya ibada: anatafuta mwenyeji wa kuwatembeza. Siku zote mwenyeji ni Anderson. Kila mgeni mwenye daftari lazima apitie kwa Anderson! Mwaka juzi mtu mmoja aliandika tasnifu ya misitu, na kwenye ukurasa wa shukrani akamtaja Anderson kwa jina lake lote. Ukurasa huo Anderson ameuwekea plastiki na kuubandika mlangoni kwake. Mimi, Hezekia Mligo, mtu wa kidato cha nne, katibu wa kwaya mstaafu, sijaandikwa popote ila kwenye daftari la zahanati.

Kwa hiyo jana jioni nilimpitia Anderson. Nikamwambia kwa upole kwamba wageni watashukia stendi ya Makambako na wanaomba awapokee mizigo huko. Alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Saa kumi na moja alfajiri nimesikia pikipiki yake ikipanda kilima.

Saa tatu gari la wageni likaja moja kwa moja ofisini. Watatu. Wa nne, wa sheria, amechelewa. Atakuja na basi. Kijana mrefu, Linus, anapima presha za wazee. Mama mmoja asiyependa maneno anachota udongo wa mashamba ya parachichi na kuutia kwenye vifuko. Mzee mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, anatafuta wanaokumbuka reli ilipojengwa Makambako. Mpaka leo sikujua mtu anaweza kuwa daktari wa udongo.

Mtendaji akauliza nani atawapatia watu wa kuhoji, maana kijiji chote kiko shambani kinavuna mahindi. Nikasema mimi. Akauliza wangapi. Nikasema wote.

Jioni. Nimepita nyumba kumi na moja. Nimekuta kuku na mbwa. Mzee mmoja niliyemkuta ni kiziwi, na wa pili alidai anahojiwa tayari na polisi.

Halafu nikapata wazo, nikasimama katikati ya njia. Mama mkubwa Dorika! Mke wa marehemu kaka yake baba. Ana miaka sabini na moja: presha. Alikuwa msichana wakati wa reli: historia. Ana shamba la parachichi: udongo. Mjane: sheria. Mtu mmoja anatosha chuo kizima!

Jumanne, 3 Juni

Sijalala vizuri. Nilikuwa nikitunga sentensi ya shukrani kwa niaba yao.

Asubuhi Linus na kipimo chake. Mama mkubwa akasita kuvaa lile tambara mkononi. Nikajitolea kumwonyesha kwamba haliumi. Mashine ikavuma, ikalegea. Linus akaangalia, akanivalisha mkono wa pili. Akauliza kama nimekimbia. Nikasema sijakimbia tangu jeshi la mgambo. Akaandika mia moja sabini na nane juu ya mia moja kumi na mbili, akaniambia niende zahanati leo leo. Nikamwambia mashine yake imepigwa na baridi ya Njombe. Kisha akampima Mama mkubwa. Presha ya msichana! Mashine ni mbovu kabisa.

Mchana, mzee wa historia na kinasa sauti chake. Mama mkubwa alisimulia alivyokuwa akiwauzia viazi vya kuchemsha wajenzi wa reli, na jinsi Wachina walivyojifunza kuomba chumvi. Alikumbuka kwamba mwaka ule ule yeye na mumewe, wakiwa na miezi mitatu ya ndoa, walifyeka pori la bondeni wakalifanya shamba. Niliona simulizi imepoa. Nikaongeza kwamba alibeba pia mataruma ya reli begani, mawili mawili. Mzee akashusha miwani. Akaniuliza kwa adabu nilikuwa na umri gani mwaka sabini na tatu. Nilikuwa sijazaliwa. Akafuta mstari mzima.

Zahanati sijaenda. Foleni.

Jumatano, 4 Juni

Siku mbaya.

Naandika ukweli, hili daftari halisomwi na mtu. Shamba la bondeni ni la baba mkubwa. Alifariki miaka minne iliyopita. Binti zake wawili wameolewa, mmoja Songea, mmoja Ludewa. Sasa ekari mbili nzuri vile ziachwe? Mwezi wa tatu baada ya mazishi nilipanda miparachichi themanini. Kulinda jina la ukoo! Mama mkubwa aliniona nikichimba mashimo. Hakusema kitu. Niliuchukulia ukimya wake kuwa ndiyo. Mwaka huu imezaa kwa mara ya kwanza, na tunda lake ni zito, linajaza kiganja.

Leo mama wa udongo amechimba shimo la kiunoni, akajaza vifuko, akatoa fomu. Jina la mmiliki? Nikasema Hezekia Mligo. Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya maji. Akasema, taratibu kabisa, Dorika Mligo. Mama wa udongo akatuangalia, akaweka alama ya kuuliza kwenye fomu. Nikamwomba aandike "ukoo". Akasema kompyuta yake haipokei ukoo, inapokea mtu.

Ngoja, kuna baya zaidi. Anderson amerudi! Mafua, macho mekundu, siku mbili stendi ya Makambako. Na nyuma ya pikipiki yake amempakia nani? Mtafiti wa sheria! Amempokea kweli! Anaitwa Rejoice, dada mdogo wa umbo, begi kubwa. Anachunguza wajane na ardhi ya waume zao. Safari nzima ya nusu saa Anderson alikuwa akimsimulia habari za kijiji. Habari zipi, hakuniambia. Alipiga chafya tu na kutabasamu.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango ulikuwa hivi. Mama mkubwa anajua Kiswahili vizuri, lakini nilimwambia Rejoice kwamba mzee hujieleza kwa Kibena tu, na kwamba nitatafsiri. Mama mkubwa nilimwambia kwamba mgeni anafanya utafiti wa lugha, kwa hiyo azungumze Kibena tupu.

Rejoice akauliza shamba liko mikononi mwa nani tangu mume afariki. Mama mkubwa akajibu kwa Kibena, kirefu, akinyoosha kidole bondeni, halafu kwangu. Alisema mtoto wa shemeji yake alilichukua bila kumwuliza, na kwamba sasa ananunua viazi sokoni, yeye aliyekuwa akiwauzia watu viazi.

Nikatafsiri: anasema Hezekia anamtunza sana. Mama mkubwa alinisikia, akatikisa kichwa, akaniacha niendelee.

Rejoice akaandika. Akauliza kama angependa kulirudia. Mama mkubwa akasema angelirudia hata kesho. Nikatafsiri: anasema amechoka, anamwachia kijana.

Tukafanya hivyo saa nzima. Nilianza kujisikia mtu mwenye kipaji.

Mwishoni Rejoice akafunga daftari, akapiga goti mbele ya Mama mkubwa, akamuaga. Kwa Kibena. Kibena safi, cha ndani, na maneno ambayo mimi mwenyewe huwa nayasahau! Mama mkubwa akafurahi, akamuuliza ni wa wapi. Wa Lupembe. Baba yake mchuma chai, bibi yake ndiye aliyemlea.

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Akasema hakutaka kunikatiza, na kwamba tafsiri yangu pia ni data.

Masikio yanavuma. Nimezunguka nyumba mara tisa. Mke wangu, Idda, amesema nikizunguka tena atafunga mlango kwa ndani.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda Makambako alfajiri kuchapisha hati. Niliipa sura ya kitaaluma: utangulizi, matokeo, hitimisho. Hitimisho ni kwamba mimi Dorika, nikiwa na akili timamu, nampa Hezekia shamba la bondeni daima. Nikanunua na kilo mbili za sukari.

Nilimkuta Mama mkubwa akipukuchua mahindi. Nikampa sukari. Nikatoa hati na kidau cha wino cha kidole gumba. Nikasema ni karatasi ya chuo tu, ya kuonyesha alihojiwa.

Akaenda ndani. Akarudi na miwani. Nilisahau! Miaka kumi na minane alifundisha watoto shule ya Jumapili. Alisoma hati yote kwa sauti, kituo kwa kituo. Aliponiona nimekosea kuandika "ridhaa" aliomba kalamu akanisahihishia.

Kisha akaikunja, akanirudishia. Nilitegemea makelele. Ningejua la kufanya na makelele. Akasema:

"Hezekia mwanangu. Baba yako alipoumwa, nawe ukashikwa na homa, nani alikubeba mgongoni akakupeleka hospitali ya misheni?"

Nikasema baba mkubwa.

"Mvua ile yote. Sasa wewe, kwa nini hukuniomba? Ungeniomba, ningekukatia hata nusu. Miaka minne nimekungoja uje useme."

Nikaitia hati mfukoni. Akanikaribisha chakula. Nikala. Maharage na viazi. Vya kununua.

Jioni nimesikia amekwenda kwa Mtendaji mwenyewe, kwa miguu, na sukari ameipeleka kwa Anderson anayeumwa.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani sikukaa mahali pamoja. Nilikaa na wanaume, nikahamia karibu na mlango, nikaenda nje kuangalia baiskeli ambayo sikwenda nayo. Kichwa kinagonga. Baraza la ardhi la kijiji linakaa Jumanne. Nimewahesabu wajumbe: saba. Wawili ni marafiki zangu. Mmoja ananichukia kwa sababu ya kwaya. Nimewapitia wote jioni. Wawili marafiki hawakuwepo nyumbani, ingawa nilisikia redio.

Jumanne, 10 Juni

Imekwisha.

Nilijitetea vizuri. Nilisema shamba lilikuwa pori tu, nimeliokoa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama mkubwa akamwomba mzee wa historia awashe kile kinasa sauti. Sauti yake ikajaza ofisi: reli, viazi, Wachina na chumvi, pori la bondeni wakalifyeka wawili. Kisha mwenyekiti akamuuliza mama wa udongo kama pale palikuwa pori. Yule mama, asiyesema, alisema dakika ishirini! Tabaka jeusi, samadi ya miaka mingi, mkaa, mizizi, kina. Shamba la zamani lililotunzwa. Rejoice akaulizwa sheria inasemaje, akasoma kifungu: mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Hakuongeza neno. Hakutaja tafsiri yangu. Hilo liliniuma kuliko kama angeitaja.

Historia, sayansi, sheria, wote juu yangu. Nikasimama kupinga na ofisi ikazunguka. Linus alikuwa amekaa nyuma yangu tayari na kipimo chake. Aliniketisha, akanipima mbele ya wajumbe. Mia moja tisini na nne. Kesi ikasimama nikanyweshwa maji.

Uamuzi: shamba ni la Mama mkubwa, na kijiji kitamsaidia kupata hati ya kimila kwa jina lake. Mavuno ya mwaka huu nichume mimi kwa jasho langu. Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kuongeza. Akasema Hezekia abaki na safu mbili za mwisho, azitunze, na kila Jumamosi aje ale kwake. Mjumbe wa kwaya akafuta macho. Mimi nilitazama dari.

Kutoka ofisini Idda alinishika mkono kama mtoto mpaka zahanati. Vidonge. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kuanzia leo.

Jumatano, 11 Juni

Rejoice amenihoji. Mimi! Kwa kinasa sauti! Nilijibu kila kitu, nikaeleza nilivyofikiri nilipopanda mche wa kwanza. Alisikiliza bila kunihukumu. Mwishoni nikauliza nitatokea wapi kwenye tasnifu. Akasema sura ya nne, ukurasa mzima au mmoja na nusu.

Ukurasa mzima! Nikauliza ameandikaje jina. Akanituliza: jina langu halitatokea, maadili ya utafiti yanamlinda mhojiwa. Nitaitwa "Mhojiwa wa kumi na tisa, mwanamume, mvamizi wa ardhi".

Nikamwomba aandike jina lote. Akasema hawezi. Nikamwambia nimeridhia, nitatia sahihi, nitatia gumba, neno mvamizi libaki, sina kinyongo nalo. Aandike tu Hezekia Mligo. Akauliza kama nimemeza kidonge.

Jumamosi, 14 Juni

Watafiti wameondoka jana. Nimekula kwa Mama mkubwa. Aliweka siagi.

Idda Jumatatu anakwenda Mawengi kumtazama mama yake, ambaye amefiwa na mume mwezi Januari. Nimesema nitamsindikiza. Akaniangalia sana. Nikamwambia mkwe ni mzazi.

Nimepita kwa muuza miche. Themanini haitoshi, bonde la mama mkwe ni kubwa, maji hayakauki, na watoto wake wa kiume wote wako mbali. Halina mtu wa kulilinda. Nimeagiza miche mia moja na ishirini.

Safari hii nimejifunza, nafanya kwa uangalifu. Nimeuliza watu watatu tofauti wa kule: Mawengi, upande ule wa mama mkwe, hajawahi kufika mtafiti hata mmoja.