Jeneza la Yai na Safari ya Tobago

Jumamosi, 12 Aprili

Siku njema. Nimewanyamazisha wote dukani kwa Pelham. Walikuwa wanabishana nani anaijua Tobago kuliko mwenzake. Nikawaacha waseme mpaka wachoke, kisha nikaweka glasi ya ramu chini taratibu, kama jaji.

Nikawaambia Pasaka hii nampeleka mke wangu Verlyn kule Buccoo, kijiji cha Tobago, kwenye mbio za mbuzi. Nikawaambia mimi ndiye niliyekuwa bingwa ujanani. Nilikimbia peku nyuma ya mbuzi, kamba mkononi, nikampita hadi mbuzi mwenyewe! Pelham akasema sheria inataka mbuzi ndiye afike kwanza. Nikamjibu ndiyo maana sikupewa kikombe.

Wakacheka. Wivu tu.

Nimefika nyumbani, habari imefika kabla yangu. Mji huu wa Arima! Verlyn akauliza kama ni kweli, au ni maneno ya duka la ramu. Akasema tangu tuoane hajawahi kulala kwenye mashuka asiyoyafua mwenyewe. Hataki hoteli, hataki makuu. Anataka likizo moja tu kando ya bahari kabla magoti hayajamwisha, na anataka mimi niwepo. Nikamwambia, mama, lala usingizi, kila kitu kimepangwa.

Kimebaki kitu kidogo. Nafasi melini na nyumba ya kufikia.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Meli imejaa. Nusu ya Trinidad inakwenda Tobago, na nusu nyingine inawasindikiza. Rafiki yangu mkubwa pale bandarini alisema hanijui. Nikamkumbusha tulivyosoma pamoja. Akasema yeye amesomea Grenada. Watu wanasahau sana siku hizi. Nyumba nazo, kila ninayempigia ananicheka kwanza ndipo anajibu.

Jioni akaja Carlyle, kaka yake Verlyn. Mtu wa kupiga pasi mpaka soksi. Akatangaza kwamba ana nyumba Buccoo na nafasi melini, alizishika tangu Krismasi kwa sababu yeye, alisema, hapangi safari kwa mdomo. Dada yake anakaribishwa. Shemeji Bertie naye anaweza kulala barazani karibu na sanduku la barafu, alimradi asilifungue.

Mama mkwe, Ma Eugenie, alicheka mpaka akashika ukuta. Verlyn hakucheka. Alinishika mkono, macho yanang'aa. Akasema baraza si neno, Bertie, tutakuwa baharini!

Mimi nilale barazani kwa Carlyle? Bingwa? Halafu kuna hao watu wa Buccoo. Si kwamba hawanijui. Ila ni zamani, na mtu akianza kuwauliza hovyohovyo kuhusu ubingwa wangu wanaweza kuchanganyikiwa.

Safari hii isifanyike. Lakini nisiwe mimi wa kuizuia.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepata! Akili yangu ikiamka, hata mimi huiogopa.

Ijumaa Kuu ndiyo siku ya mayai. Kila mtu anamimina ute wa yai lake kwenye glasi ya maji, glasi zinakaa ukutani juani, na mchana Ma Eugenie anasoma umbo lililoota. Kanisa, utaolewa. Meli, utasafiri. Jeneza, kaa nyumbani kwako utulie. Ma Eugenie hakosei. Yeye ndiye husema hivyo. Mwaka mmoja aliona kitanda cha hospitali, hakupanda gari lolote mpaka mvua zikaanza.

Yai la Verlyn likiota jeneza, hatavuka hata ndoo ya maji. Tutabaki wote nyumbani, mimi nitasikitika kuliko wote, na pale kwa Pelham nitasema ningekwenda, bwana, lakini yai limekataa.

Hakuna atakayekufa. Ni jeneza dogo tu, la kuzuia safari.

Jumatano, 16 Aprili

Mazoezi. Nimejifungia kwenye banda na waya wa mwavuli. Ute wa yai ni mkaidi kuliko mama mkwe. Yai la kwanza limetoa kuku. La pili kiatu. La tatu, naapa, limetoa sura ya Carlyle, na pua yake ile. Mwishowe nimepata jeneza safi, lenye kifuniko.

Viini nimevila vyote ili nisiache ushahidi. Sitaki kuona kiini tena maishani.

Verlyn akauliza mayai yanakwenda wapi. Nikasema nguchiro.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Verlyn ametega mtego wa nguchiro kwenye kapu la mayai. Kidole kimevimba kama ndizi. Nimemwambia nilikuwa nakagua kama mtego unafanya kazi. Unafanya.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Naandika nikiwa nimetulia. Nimetulia kabisa.

Asubuhi Verlyn akamimina mayai. Glasi yake akaiweka kwenye kona yenye jua, kando ya kopo la maua. Yangu karibu na bomba, kivulini. Ya mama yake katikati. Niliona kwa macho yangu. Kisha nikaanza kuumwa tumbo, nikakimbilia chooni na kuguna kwa ufundi mkubwa mpaka niliposikia wameondoka kwenda kanisani.

Nikatoka na waya wangu. Ile ya kando ya maua, nikaifanyia kazi kama fundi seremala. Jeneza! Kifuniko, vishikio, pembe zote! Ningelitia sahihi kama si dhambi.

Nilipomaliza nikatembea hadi kona ya barabara kuwaona watu wakimpiga bobolii. Mwaka huu lile sanamu la Yuda walilijaza majani na kulivika shati la bluu lenye minanasi. Shati langu! Verlyn alikuwa amewapa, eti limechakaa. Jirani yetu Sookdeo alikuwa analitwanga kwa moyo wote. Nikamuuliza Yuda amemkosea nini. Akasema, basi tu, Anko Bertie, fimbo inakwenda yenyewe.

Mchana wakarudi, na Carlyle nyuma yao anafuata harufu ya samaki. Ma Eugenie akavaa miwani. Yake ilikuwa wingu, akasema ni baraka. Akaenda kwenye ile ya karibu na bomba. Akapiga kelele. Meli! Ina milingoti, ina moshi, haikosi ila nahodha! Kisha akafika kando ya maua. Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena.

Akauliza kwa sauti ya msibani, hii ni ya nani?

Nikajiandaa kumshika mke wangu asianguke.

Verlyn akasema ni ya Bertie. Kabla ya kuondoka alirudi akabadilisha glasi. Alinihurumia na tumbo langu, akaona yangu iko kivulini, akataka mimi ndiye nipate jua. Alitaka yai langu liote meli, ili niende Tobago kwa moyo mkunjufu.

Carlyle akavua kofia. Ma Eugenie akasema yeye hashangai, kifo alikiona usoni kwangu tangu siku ya harusi.

Verlyn akalia. Akasema basi, hakuna Tobago, atabaki na mimi. Nakwambia ewe daftari, ushindi ulikuwa kiganjani! Hila imekwenda mrama na bado imefika. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu.

Lakini Carlyle akamnong'oneza mama yake amtazame shemeji anavyotetemeka, anaogopa.

Mimi? Niogope? Nikapanda juu ya kiti. Nikasema jeneza la yai si kitu kwangu. Nikasema mimi nimewahi kupigana na papa pale pwani ya Maracas kwa mkono mmoja, mkono mwingine nimeshika kofia. Nikasema mwenye meli na aende zake! Mke wangu, nenda Tobago, uniache peke yangu nikutane na jeneza langu uso kwa uso!

Wakanipigia makofi. Hata Carlyle. Ma Eugenie akasema ni mara ya kwanza nimesema kitu cha maana.

Baadaye nikataka kufafanua kidogo. Nikafungua mdomo kumwambia Verlyn kuhusu waya. Nikakumbuka bobolii bado yuko kona na watu bado wana fimbo. Nikafunga mdomo.

Jumamosi, 19 Aprili

Wameondoka. Nimebeba mizigo yote hadi kwenye gari. Verlyn akanibusu shavuni, akaniambia nisipande ngazi, nisipande paa, nisipande kiti. Alivaa ile kofia ya majani aliyoinunua mwaka tuliokosa kwenda mara ya kwanza. Alikuwa akigeuka kunitazama mpaka gari likapinda.

Vumbi limeniingia machoni. Barabara ina lami, lakini vumbi lipo.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Kumbe kufa kuna faida! Mtaa mzima umesikia. Mama Sookdeo kaleta kari ya bata. Watu wa kanisa wameleta makaroni ya kuoka na nyama ya nguruwe. Pelham mwenyewe kaja na chupa, kasema duka halitakuwa kama zamani. Nikamwambia asilie. Nikawasimulia tena habari ya papa. Sasa papa wamekuwa wawili.

Sookdeo alikaa hadi mwisho. Akaniuliza kwa upole kama ile mashine yangu ya kukatia nyasi nimeshaipangia mtu.

Verlyn kapiga simu. Kasema ameamka jua liko juu na hakuna aliyemuuliza chumvi iko wapi. Kasema bahari ni ya kijani. Halafu akasema baraza liko wazi, Bertie, hata sanduku la barafu limehamishwa.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Ninakufa. Kweli sasa! Tumbo limekaza kama ngoma. Mayai ya Ijumaa Kuu hayachezewi, nimejua leo. Nimemwita Sookdeo nimpe wosia. Alikuja mbio, kavaa viatu vya kukatia nyasi. Akatazama sahani, akatazama mifupa ya bata, akaniuliza nimebakiza nini. Nikasema sufuria. Akanichemshia tangawizi akaenda zake amenuna.

Jioni nimepona. Nimelishinda jeneza. Watu wachache wanaweza kusema hivyo.

Jumanne, 22 Aprili

Siku ya mbio za mbuzi. Verlyn kapiga simu katikati ya kelele, pembeni Carlyle anapiga mayowe maana mbuzi wake wa kubeti aligeuka akarudi mwanzo.

Kasema aliuliza habari zangu. Nilikaa chini. Kasema wengi hawamjui bingwa yeyote aitwaye Ethelbert Joefield, ndilo jina langu kamili. Ila mzee mmoja mfunza mbuzi alikumbuka kijana mwembamba kutoka Arima, mwaka wa zamani sana, aliyejikwaa kwenye kamba akaanguka kifudifudi, na mbuzi akamkalia mgongoni mpaka mbio zikaisha.

Verlyn alicheka mpaka simu ikakoroma. Sikumbuki lini amecheka hivyo. Kasema alijua papo hapo kuwa ni mimi, na kwamba angekubali kuolewa nami tena kwa habari hiyo kuliko kwa ule ubingwa.

Nikamweleza kuwa wazee huchanganya mambo. Yule mbuzi hakunikalia. Alikuwa amepumzika.

Jumatano, 23 Aprili

Karudi! Mweusi wa jua, mnene kidogo, anatembea kama magoti ni mapya. Kaniletea shati la minanasi, jipya.

Usiku kaniambia jambo. Kule Buccoo amepata nyumba ndogo ya Agosti, chumba kimoja, ameishika yeye mwenyewe kwa jina lake. Kwa watu wawili. Bila Carlyle, bila mama, bila mayai. Kasema na waya wa mwavuli aliukuta bandani, una ute uliokauka, na hataki kusikia hadithi yoyote. Anataka nije nimbebee begi, nikae kando yake kwenye mchanga na ninyamaze. Ndiyo likizo yake hiyo.

Nikamshika mkono. Nikasema nitanyamaza kama jiwe. Nikamaanisha.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilipita dukani kwa Pelham dakika moja tu, kununua kiberiti. Wakanizunguka. Wakauliza imekuwaje niko hai. Sasa mtu akiulizwa afanye nini? Nikaweka glasi chini taratibu. Nikawaambia Agosti nina nyumba Buccoo, jumba, nimelipanga mwenyewe, na mbuzi wangu ameshaanza mazoezi.

Wakasema hayo ni maneno matupu. Nikasema basi njooni mwone!

Wanakuja. Pelham na mkewe, ndugu wawili wa mkewe, Sookdeo na familia yote, na yule mpiga ngoma wa kanisani. Sookdeo kauliza kuna vyumba vingapi. Nikamwambia asiwe na hofu.

Verlyn bado hajui. Nitamwambia Julai, akiwa na furaha. Jumapili naanza kumtafuta mbuzi.