Vita vya Beckwith na Dirisha la Jikoni

Nyamazisheni masufuria, enyi watu wa Iowa, na wenye mbwa wawafunge, nisimulie vita nilivyovishuhudia kwa macho yangu, mimi jirani, nikichungulia juu ya ua wa mbao.

Alikuwapo Lucian Beckwith, msanifu majengo, simba wa rula na wino, aliyeinua mahakama yenye kuba, benki ya nguzo za Kiyunani, kanisa la Walutheri, ukumbi wa maigizo wenye nakshi za Misri, hata zizi la mviringo ambalo nguruwe wenyewe hawakulilalamikia. Lakini jikoni kwake dirisha la kusukumwa juu lilikuwa limegoma miaka sita. Na Julai ile ya 1912 mkewe Hulda, akichemsha jamu ya cheri, alishikwa na kizunguzungu cha joto, akaanguka kwa magoti.

“Bwana Beckwith,” alisema palepale sakafuni, “madirisha ya mji mzima yanafunguka. Hili la mkeo lina nini? Kesho namwita Amdahl seremala.”

“Amdahl!” akanguruma shujaa. “Yule aliyetundika mlango wa shule juu chini? Afadhali nife!”

“Kufa utakufa. Fungua kwanza.”

Akavua koti, akalivamia dirisha kwa bega, nalo kimya. Akalishushia nyundo ya mbao kulia na kushoto; likamcheka kwa mlio. Akachora mchoro wa kani na mizani, mchoro mzuri ajabu, dirisha halikuusoma. Ndipo simba akaketi kando ya mkewe, akatamka neno zito kuliko jiwe la msingi: “Hulda, nimeshindwa. Nisaidie.”

Akainuka yule bibi, akapitisha ukucha kwenye ufa. “Nani alipaka rangi hapa?”

“Mimi.”

“Basi umeligandisha mwenyewe, bwana wee!”

Akamkabidhi kisu cha siagi. Shujaa akaikata ile rangi inchi kwa inchi, kisha wakashika pamoja, wakavuta pumzi, wakasukuma. Likapaa! Upepo wa mto Mississippi ukaingia kama jeshi lililofunguliwa lango.

Hulda, ambaye kwa miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kusifu kazi yoyote ya mumewe, alilegeza kola, akafumba macho. “Hii,” akasema, “nimeipenda.”

Andikeni, enyi waandishi wa tarehe: Alhamisi, saa tisa alasiri, Lucian Beckwith alilia mbele ya jirani yake, wala hakujificha.