Ng'ombe wa Mzee Moringe Juu ya Ukurasa wa Kwanza

Jumatatu, 9 Juni 2025
Karatu. Ukungu, baridi, chai ya tangawizi. Mama Brigita, bosi wetu katika mradi wa chanjo ya mifugo, ametangaza kwamba mmoja wetu atakuwa mkuu wa takwimu. Ripoti bora itaamua, na itasomwa Endulen Ijumaa mbele ya wafugaji. Tuko wawili tu: mimi Inosenti wa Rhotia, na Sinyati wa Endulen. Sinyati! Anaandika hesabu, maelezo na michoro yote kwenye faili moja la kompyuta liitwalo daftari, anabonyeza, inatoka PDF safi kama kitabu. Namkubali sana. Lazima ashindwe.

Jumanne, 10 Juni
Sinyati katukumbusha tena: mfugaji haulizwi ana ng'ombe wangapi. Kuwataja kwa idadi ni kuwaitia balaa. Yeye huuliza rangi zao, huuliza yupi anakohoa, mwisho wa mazungumzo anajua dozi zinazohitajika. Ufundi ule! Mimi nimedandia gari la mradi hadi Endulen, nikajibanza nyuma ya josho, nikawahesabu ng'ombe wa Mzee Moringe, mfugaji mkubwa wa pale, wakipita. Mia nne na kumi na mbili! Sinyati hana takwimu hiyo.

Jumatano, 11 Juni
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ndani ya ripoti sikuandika idadi hata mahali pamoja. Nimeandika "ng'ombe wa kutosha". Heshima kwanza! Idadi yenyewe nimeiweka kwenye jina la faili, ili Mama Brigita akiniuliza nisibabaike: Moringe_ng'ombe_412_nimehesabu_mwenyewe. Jina la faili nani analisoma? Nimetoa PDF kwa daftari kama lile la Sinyati. Sikuifungua, naiamini.

Ijumaa, 13 Juni
Ole wangu. Kumbe programu hii, usipoiandikia kichwa cha habari, huchukua jina la faili na kulichapa juu ya ukurasa wa kwanza. Herufi kubwa! Projekta ikawaka, ng'ombe wa Mzee Moringe wakajaa ukutani, idadi na yote.

Mzee akauliza ni nani aliyewahesabu. Jibu lilikuwa ukutani. Akasema akifa hata ndama mmoja, anajua pa kuja, na chanjo yetu hataki hata kuiona. Wazee wenzake wakachukua fimbo zao wakaelekea mlangoni. Mama Brigita alikuwa ameshika kichwa. Chanjo ya Endulen nzima ilikuwa inaondoka na wazee wale.

Sinyati akainuka. Akamwinamia Mzee, akazungumza naye Kimaasai, taratibu, mpaka fimbo zikarudi chini. Kisha akaja kwenye kompyuta yangu, akafungua metadata, yaani taarifa za daftari zisizoonekana kwenye ukurasa, akaandika humo kichwa kipya, akatoa PDF upya mbele ya watu wote. "Afya ya Mifugo Yetu." Hakugusa hata jina la faili! Nilisahau kuona aibu kwa kumtazama. Wazee wamekubali chanjo. Mimi nimeagizwa kupeleka kondoo, maana Mzee amesema radhi ya mdomo haimtoshi.

Jumamosi, 14 Juni
Sinyati ndiye mkuu wa takwimu. Anastahili, na nimemwambia. Kanielekeza bila kinyongo: andika kichwa kwenye metadata, andika na jina la mwandishi. Nimeitikia kila neno. Akilini nilikuwa napanga. Mama Brigita kanipa nafasi ya mwisho: ripoti ya Rhotia iende makao makuu Arusha Jumatatu. Nikiharibu, nirudi nyumbani nikapalilie maharage.

Jumatatu, 16 Juni
Mwenye macho haambiwi tazama! Nimenakili daftari lile zuri la Sinyati, nikabadilisha namba na michoro, nikaweka za Rhotia. Jina la faili nimeandika: Ripoti_ya_Inosenti. Safari hii halina ng'ombe. Imeenda.

Alhamisi, 19 Juni
Arusha wamejibu. Wameisifu sana ripoti ya Rhotia iliyoandikwa na Sinyati. Kichwa chake na jina lake vilibaki kwenye metadata, vikachapwa vilevile. Wanamhamishia Arusha, cheo kikubwa zaidi! Sinyati, muungwana, kawapigia simu kuwaeleza kwamba ripoti ni yangu. Wakamwambia unyenyekevu huo ndio wanaoutafuta. Kacheka mpaka machozi. Nami nimefurahi kwa dhati. Mtu akipanda kiasi hicho kwa kazi yangu, basi kazi yangu si haba.

Ijumaa, 20 Juni
Mama Brigita, kwa kukosa mtu, kanikaimisha ukuu wa takwimu. Kasema kwa muda tu. Nimefungua daftari jipya kabisa, nisinakili kwa yeyote. Ripoti yangu ya kwanza nikiwa kiongozi! Faili nimelipa jina la kunitia moyo: Brigita_atake_asitake. Nimetoa PDF na kuwatumia wote Arusha, nakala kwa Mama Brigita.