Mhubiri Anirudishie Goti Langu Bovu

Ndugu Mhariri,

Pokea heshima zangu zote, isipokuwa zile ninazomwekea mke wangu.

Nina miaka themanini na moja. Nimewazika madaktari watatu walioniambia sitafika sabini, na televisheni mbili zimenizimikia mimi nikiwa bado nawaka. Shule niliiacha mimi, haikuniacha. Herufi zikipinda msizinyooshe.

Gazeti lenu limewauliza wananchi: je, wahubiri wa televisheni wanasema kweli? Kinyozi kawajibu kwamba wale ni waigizaji. Muuguzi kawajibu ni watu wa Mungu. Sawa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hamkuniuliza mimi, niliyeponywa bila kuomba.

2. Jumapili mhubiri alinyoosha kidole kutoka ndani ya kioo, akasema, "Wewe mzee uliye nyumbani, goti lako limepona! Inuka!" Ndugu Mhariri, nyumbani tuko wazee wawili, mimi na mke wangu, na magoti manne, yote mabovu. Mume ni mzee, mke ni mzee. Mtu mkweli angefafanua. Basi mimi, kwa kuwa sijazoea kupitwa, nikawahi kuinuka. Nikajipiga kifua: ni mimi huyo!

3. Mke wangu akasema, "Amina, baba watoto. Ndoo ile pale." Tunakaa ghorofa ya tatu na bomba liko chini. Zamani tulipokezana, leo yeye kesho mimi, na kila mtu alinung'unika kwa zamu yake. Sasa ni mimi tu. Nikilalamika ananiuliza, "Unamkana aliyekuponya?" Nikichechemea anaongeza sauti ya televisheni. Juzi kaoga mara mbili kwa siku moja, na hakuna alikokuwa anakwenda!

4. Nilimpigia simu mhubiri. Akapokea binti, akaniuliza goti lipi. Kumbe hata wao hawajui! Nikasema la kushoto. Akasema, "Haleluya, baba, na la kulia linafuata." Nikakata simu upesi, mke wangu asije akasikia.

Kwa hiyo naomba mlitoe ombi langu ukurasa wa mbele. Kama mhubiri ni mkweli, anirudishie ugonjwa wangu, hadharani vilevile, kwa kidole kilekile. Kama ni mwongo, aseme hivyo Jumapili, mke wangu akiwa amekaa anasikia. Lolote kati ya hayo litanitosha. Mimi si mtu wa makuu.

Nisalimieni wapiga chapa, wauza magazeti, na huyo aliyewatungia lile swali.

Ni mimi, mzee wa ghorofa ya tatu, ninayechechemea.

Wa kunithibitisha ni fundi cherehani wa hapa chini. Anashonea mlangoni, na hakuna mguu unaopanda ngazi asiuone.

Nilisahau: huyo fundi msimwulize. Nimeshuka sasa hivi kununua bahasha, nikarudi mbio, ngazi mbili mbili, niwahi kipindi cha mhubiri. Fundi kaacha kushona, akaniita, "Mzee! Goti ndilo hilo?" Basi mwacheni mhubiri aendelee na kazi yake. Mwambieni tu Jumapili amwinue na mke wangu.