Nilivyopeleka Ushahidi wa Plau Ruangwa

Jamani, sura yangu nimeiacha Ruangwa. Nimerudi Lionja na shingo tu. Atakayeiona pale dukani kwa wakala wa matrekta anirudishie, kesho naihitaji kwenda nayo shambani.

Naandika haya mkono mmoja umeshika simu, mwingine umejaa rangi nyeupe. Habari ya rangi mtaisikia mwishoni. Msinikimbize.

Mnanijua. Mimi ndiye dereva wa trekta la kikundi chetu. Watu wananiita Injinia. (Shule nimeishia darasa la saba. Ila niliwahi kuifungua redio ya bibi na kuifunga, ikaimba. Skrubu zilizobaki nilizitupa kimyakimya.) Na ndoto yangu mnaijua: ipo siku nitakuwa na matrekta yangu mwenyewe, mekundu, yamejipanga kutoka Lionja mpaka Mtua, kila moja jina langu mlangoni. (Najua trekta letu halina mlango. Yangu yatakuwa nayo.)

Sasa Jumatatu nikiwa shambani, nimeishusha tu plau, lile jembe la trekta, ardhini, nikasikia ko! Nikageuka. Sahani moja ya plau imelala kwenye udongo kama sahani ya ubwabwa iliyomponyoka mtoto. Kile chuma kinachoishika, wenyewe tunakiita mkono, kimekatika.

Na mvua ndiyo imeshaanza. Watu mbegu za mahindi ziko ndani, wananiangalia mimi. Kikundi kikakaa palepale kwenye matuta. Plau ni mpya, haijamaliza hata msimu, bado ina waranti. Kwa hiyo ikaamuliwa: Injinia aende Ruangwa na mwenyekiti wetu, Mama Somoe, wakadai mkono mpya kwa wakala.

"Na wakirudi mikono mitupu," akadakia mzee mmoja, "usukani apewe Bakari."

Bakari! Mtu anayebadilisha gia kama anatwanga kisamvu! Nikamtazama. Akatabasamu. Akaanza kabisa kulipapasa lile trekta tairi, kama mtu anayempapasa mchumba wa mwenzake.

Basi leo asubuhi tukaondoka. Ule mkono tumeufunga kwenye kitenge cha Mama Somoe ili usituchafue. Tulipopata gari pale Nachingwea nikaupakata mapajani. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akanionea huruma.

"Pole baba. Mtoto anaumwa nini?"

"Amevunjika mkono," nikajibu. (Akili yangu yote ilikuwa kwenye plau.)

"Masikini! Mbona hamjampeleka hospitali hapahapa Nachingwea?"

"Waranti yake iko Ruangwa, mama."

Yule mama alihamia kiti cha nyuma.

Njiani Mama Somoe akanipa maelekezo. "Sikiliza mwanangu. Tukifika, maneno niachie mimi. Wewe kazi yako kubeba chuma. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama mwenyekiti."

(Ningekuwa nimemwelewa kweli, saa hizi ningekuwa nakula.)

Tukafika. Duka kubwa, safi, na luninga ukutani inaonyesha matrekta yanalima peke yake huku muziki unapigwa. Moyo wangu ukayeyuka. Nikasahau kilichonileta. Mama Somoe akanisukuma kwa kiwiko.

Akaja fundi wa duka, mtu mzima, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Jina lake Fundi Lukasi. Tukamwamkia, akaitikia. Akaufungua ule mkono kwenye kitenge, akaugeuza huku, akaugeuza kule, akapitisha kidole pale palipokatika.

"Mlikuwa mnafanya nini nayo?"

"Tunalima," akasema Mama Somoe.

"Mnalima tu?"

"Sasa plau tutaipikia?"

Wateja wakacheka. Fundi hakucheka. "Mama, chuma hiki kingevunjwa na udongo, kingepinda kwenda nyuma. Hiki kimeelemewa kutoka juu. Kuna mzigo ulikaa hapa. Na waranti yetu haikubali mizigo, siku ya kuwakabidhi tuliwaeleza."

"Mzigo!" Mama Somoe akajitanda upya ushungi. "Fundi, mimi ni mtu mzima. Nakuapia, hata kuku hajawahi kutua juu ya plau ile!"

"Labda kisiki."

"Kisiki kitapandaje juu ya plau? Kina miguu?"

Nikaona mama wa watu anahangaika peke yake. Roho ikaniuma. Mimi ndiye dereva, nimekaa kimya kama gunia! Halafu likanijia wazo. Jamani, wazo lile lilikuja limevaa suti.

Jumamosi tulikuwa na sherehe. Watoto wa kitongoji chetu walikuwa wanatoka jandoni. Nikaliosha trekta, nikaiosha na plau, nikaifunga khanga mpya, ikawaka. Binamu yangu Rehema akanirekodi kwa simu yangu mwenyewe. Kwenye ile video plau inaonekana nzima kabisa, inang'aa. Na siku ile hatukulima hata tuta moja! Jembe limepumzika. Sasa kama Jumamosi lilikuwa zima, limepumzika, na Jumatatu limevunjika kwa kulishusha tu, kosa la nani? La kiwanda!

(Mnaona? Nilikosa shule tu. Ningesomea uwakili.)

"Fundi," nikasema, "mimi nina ushahidi."

Mama Somoe akanikanyaga mguu. Nikajua ananipa moyo.

"Ushahidi wa video!"

Akanikanyaga tena, safari hii kwa kisigino. Nikamtabasamia. Nikasema moyoni, mama leo atanikumbuka.

Nikampa fundi simu. Akavaa miwani, akaivua. "Kioo chako kimepasuka, sioni kitu." Akamwita dada wa kaunta. "Hebu tuwekee hii kwenye luninga."

"Si lazima kwenye luninga!" akasema Mama Somoe.

"Iwekeni tu, dada," nikasema mimi. "Sauti mpaka mwisho."

Kweli tena. Nilisema hivyo. Sauti mpaka mwisho.

Video ikaanza. Mimi huyo nakatiza na kitambaa, napangusa plau, miwani ya jua usoni. Nimependeza. Nikawageukia wateja waliokuwa wanajaa nyuma yetu. "Mnaona? Nzima! Inang'aa!" Fundi akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli, hapa ni nzima."

Usukani nikauona unarudi mikononi mwangu. Nikamwona na Bakari anavyonuna.

Sasa ndugu zangu, niwaambie jambo moja. Ile video nimeitazama mara nyingi sana. Lakini huwa naishia pale ninapopita mimi. Nikishajiona nimependeza, nairudisha mwanzo. Sikuwahi kujua kuwa Rehema aliendelea kurekodi.

Luninga ikaendelea. Vigelegele. Ngoma. Akatokea bibi yangu mzaa mama na ngoma yake, akapanda juu ya plau, akakaa. Akafuata jirani yetu. Akafuata shangazi wa mtoto mmoja wa jando. Wakafuata kina mama wengine wenye sare za khanga, wanavutana mikono, wanapanda. Plau imeinuliwa juu nyuma ya trekta, watu wamejipanga kama kuku kwenye uchaga.

Nilisahau? Sikusahau! Nilikuwa najua tulibeba watu. Ila kwa akili yangu kubeba bibi zako kwenye sherehe si mzigo. Mzigo ni magunia!

Fundi akaanza kuhesabu kwa kidole. "Mmoja, wawili, watatu... huyu wa ngoma tumhesabu na ngoma yake... dada, simamisha kidogo, wanacheza, nachanganyikiwa."

Maana sasa walikuwa wanacheza. Juu ya plau. Wanaruka, wanatua, wanaruka, wanatua. Na katikati yao, mkono mmoja juu, mwingine kiunoni, kamba ya filimbi shingoni, anayeongoza kuruka ni nani?

Mama Somoe.

Duka zima likamgeukia. Yeye akaitazama luninga, akaitazama dari.

"Kuku mkubwa huyo," akasema mteja mmoja.

Nikajua hapo ndipo mwisho wa aibu. Kumbe bado. Kwenye luninga trekta likasimama. Dereva akageuka, akavua miwani ya jua, akanyoosha mikono kwa kina mama waliobaki chini. Na ile sauti, mpaka mwisho kama nilivyoomba mwenyewe, ikajaa duka lote, ikatoka mpaka barabarani:

"Pandeni mama zangu! Rukeni mnavyotaka! Chuma hiki kina waranti!"

Ya Rabi.

Watu walikaa chini. Nasema kweli, kuna mzee alikaa chini sakafuni na mfuko wake wa mbegu, anafuta machozi. Dada wa kaunta alilala juu ya kaunta. Bodaboda wakaingia kuuliza kuna nini, wakarudishiwa video kutoka mwanzo. "Rukeni mnavyotaka!" Wakatoka nje wakiitana kwa jina hilo.

Fundi Lukasi alisubiri watulie. Akaufunika ule mkono na kitenge taratibu, kama anafunika maiti.

"Waranti imekufa," akasema. "Imekufa Jumamosi, katikati ya vigelegele."

Nikataka kucheka, ikatoka kilio. Nikaiona plau imelala pale kwenye matuta. Nikaona mahindi ya watu yako ndani na mvua inapita. Nikamwona Bakari amekalia kiti changu.

"Fundi," nikasema, "usiwalaumu hawa mama. Walikuwa na furaha, watoto wao wametoka salama. Bibi yangu alinyoosha mkono nimvute. Mimi ningemwambiaje bibi yangu ashuke? Kosa langu. Kama mkono unauzwa, nina baiskeli, nitaitoa."

Duka likapoa. Mama Somoe akainamia chini, akaanza kuchezea pindo la khanga. Fundi akamwambia dada, "Hebu irudishe pale kwa bibi mwenye ngoma."

Ikarudishwa. Kidole cha fundi kikaanza kugonga kaunta, kinafuata mdundo wa ngoma.

"Huyu ni bibi yako kweli?"

"Mzaa mama."

"Mwanangu anatoka jandoni mwezi huu, nyumbani kwetu Matambarale. Nimetafuta mpigaji wa namna hii nimechoka. Kila ninayemwuliza ananiambia atakuja na spika." Akavua miwani. "Waranti siwezi kuifufua. Lakini mashine ya kuchomelea ni yangu, iko nyuma hapo. Huu mkono nitauunga, nitaupa na chuma cha kuusaidia. Nyinyi mtaniletea bibi na ngoma yake."

"Utampata!" nikaruka. (Bibi sikumwuliza. Lakini bibi huyo ukigonga ndoo tu anatoka nje.)

"Na mwenyekiti pia aje. Anajua kuruka."

Mama Somoe akajikohoza. "Tutaangalia nafasi."

"Ila sharti," akasema fundi. "Mje kwa gari. Plau ibaki nyumbani."

Akauchomelea. Cheche zinaruka, mimi nimesimama mbali kama baba nje ya wodi ya wazazi. Tukaufunga tena kwenye kitenge, tukapanda gari. Mama Somoe akageukia dirisha. Nilijua ananipangia adhabu. Tulipokaribia Nachingwea ndipo nikapata ujasiri.

"Mama mwenyekiti, na usukani?"

Akakaza fundo la kitenge.

"Maana wazee walisema..."

"Hiyo video," akasema, macho dirishani, "Bakari ameiona?"

"Hajaiona."

"Kikundi?"

"Hakuna aliyeiona, mama. Ni mimi na Rehema."

Akashusha pumzi. "Mkono umepona, hatujarudi mikono mitupu. Usukani unabaki kwako. Bakari anakwangua gia." Akanigeukia. "Na ile video ukaifute. Na kwenye plau uandike kwa rangi, kubwa, kila mtu asome: HII SI BASI."

Basi ndiyo hiyo rangi. Plau imeshafungwa, mkono umekaa sawasawa, kesho alfajiri nalima. Nimeandika kwa herufi kubwa kama za mabango. Sasa hivi Mama Somoe amekuja kukagua. Amesoma, amesogea nyuma, amesoma tena. Halafu ameinama sikioni kwangu, ananiambia pamebaki nafasi hapo chini, niongeze: ISIPOKUWA MWENYEKITI.

Nimeongeza. Usukani mtamu, jamani. Na wewe Bakari, kama umesoma mpaka hapa, hujasoma.