Hotuba ya Kukabidhi Funguo za Mtaa wa Nyumba Nafuu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya mgeni tuliyemwalika kupata udhuru. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu ya Makazi, pamoja na Kamati Ndogo inayoisimamia Kamati Kuu. Wadau wa maendeleo, wenye nyumba, madalali waliosajiliwa na wale wanaojijua. Na ninyi wapangaji wapendwa mlioketi juani, kwa kuwa hema halikutosha: nawasalimu kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wameusifia. (Makofi kutoka hemani.)

Ndugu zangu, tangu nipewe dhamana ya Ukurugenzi wa Nyumba za Kupanga, tumefanya upembuzi yakinifu, tukaupembua upembuzi wenyewe, tukaendesha semina elekezi katika hoteli zenye utulivu, na leo asilimia mia na kumi ya malengo yetu yamelengwa. (Makofi. Mtu anakohoa kwa muda mrefu.)

Lakini mimi si mtu wa takwimu, mimi ni mtu wa watu. Yupo mama mmoja, fundi wa kushona sare za shule, mnamwita Mama Pacha. Nyumba aliyopanga iliuzwa, mnunuzi akaja na nyundo yeye na wanawe pacha wakiwa wanakula. Mama huyu akamshika dalali, dalali akataka kwanza hela ya kuchosha miguu, kisha akampeleka kwenye chumba ambacho ukifungua dirisha unagusa ukuta wa jirani. Mama akauliza hewa inaingilia wapi, mwenye nyumba akamjibu, "Dada, umekuja kupanga chumba au kupanga hewa?" (Kicheko.)

Chumba cha pili alikipenda. Mwenye nyumba akataka kodi ya mwaka mzima, taslimu, halafu akawaona watoto. "Nilisema sitaki zaidi ya mtoto mmoja." Mama akamwambia, "Hawa walikuja siku moja, baba, ungewahesabu kama mmoja tu." Mlango ukafungwa. Alilala kwa dada yake, watoto kitandani, yeye chini ya meza ya kulia, mpaka shemeji akaanza kusalimia kwa kukohoa.

Ndipo akaja ofisini kwangu. Aliketi kwenye benchi kutwa, kesho yake tena, na nilipotoka kwenda kwenye kikao nikajikwaa kwenye miguu yake. Huo ndio uongozi wa kukutana na wananchi. (Makofi.) Nilimsikiliza, nikaguswa, na papo hapo nikampa chumba nyuma ya nyumba yangu mwenyewe, stoo iliyotengwa kuhifadhi saruji ya mradi huu, ambayo kwa bahati njema ilikuwa tupu. Nikamtoza kodi ya kawaida ya soko, nikaongeza kidogo kwa ajili ya ulinzi, maana analala karibu na kiongozi.

(Mwanamke anasimama nyuma, karibu na mikokoteni.)

Naam, ndiye huyo. Mpeni kipaza sauti, atoe ushuhuda. Kwa ufupi, mama.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Mimi sina maneno mengi. Juzi mlinzi wako aliniambia nihame, mpwa wako anakuja. Nikamuuliza nihamie wapi, akasema leo unagawa funguo. Basi nimehama. Cherehani yangu ile pale, na vitanda, na wanangu. Na hawa wenzangu wenye magodoro wamehama pia. Tuonyeshe nyumba, tuingie kabla jua halijawachoma watoto." (Makofi marefu, kutoka juani.)

Swali zuri, lenye uzalendo. Mama, nyumba zenu ni zile kwenye picha kubwa nyuma yangu. Tazama vibaraza, tazama maua. Funguo ni za kweli, tumezichonga kwa fundi hodari. Milango iko kwenye mchakato, na kuta zitafuata milango, maana hatutaki kukurupuka.

(Mama Pacha anasukuma mkokoteni hadi hemani, anashusha cherehani kati ya viti vya wajumbe, anatandika kitanda.)

Mama, hapo ni mahali pa viongozi.

"Nimepaona, Mheshimiwa. Pana hewa. Kodi yake kiasi gani?"

(Magodoro yanaingia moja baada ya jingine. Wajumbe wanasimama ili wasikaliwe. Mjumbe mmoja anasaidia kushika ncha ya mkeka.)

Ndugu wananchi, msisukumane. Kiongozi mwenye maono huitambua fursa inapomkanyaga. Natangaza rasmi kwamba Awamu ya Kwanza ya Nyumba Nafuu imekamilika na imejaa. Waandishi, pigeni picha kutoka upande huu. Nikisema "Paa", ninyi semeni "Kwa wote". Paa. (Cherehani inaanza kulia.)

Nahitimisha kwa shukrani. Namshukuru mchoraji wa picha, ambayo ndiyo matumizi yote ya bajeti yetu. Namshukuru mwenye kiwanja hiki, aliyetukodishia hadi adhuhuri na hajawahi kuulizwa kama anakiuza. Namshukuru pia mwenye hema, ambaye ananivuta shati hapa akisema analitaka sasa hivi. Ndugu yangu, mimi nitakusaidiaje? Ndani wamo wapangaji na watoto. Tafuta dalali.